Meno ya Juu ya Mdogo Wangu

Mwaka ambao meno yangu ya mbele yalianza kung'oka ndio mwaka ambao mdogo wangu aliota ya kwake. Tuliishi Kilolo kwa bibi mzaa baba: mimi, mama, na huyo mtoto wa kike wa miezi minane. Baba alikuwa fundi seremala Iyunga, kule Mbeya, miaka ile reli ikijengwa, na alikuja nyumbani mara mbili tu kwa mwaka.

Bibi ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa anamlisha uji wa ulezi, mara akaweka kikombe chini, akamgeuza mtoto kuelekea mlangoni penye mwanga, akamfunua mdomo. Kisha akamwita mama. Wakatazama wote wawili. Nikasogea nami nikaona ncha mbili nyeupe kwenye ufizi wa juu. Chini hapakuwa na kitu.

Wazee walimwita mtoto wa namna hiyo kigego. Ilisemwa kwamba meno ya juu yakitangulia, mtoto huyo atawamaliza ndugu zake, na kinga ilikuwa ni kumwondoa nyumbani. Nilishasikia habari hizo kwa wenzangu kisimani. Sikudhani zingeingia kwetu.

Bibi hakulia wala hakumlaumu mtu. Alimwagiza mama ambebe mtoto mgongoni muda wote, kitenge kifike masikioni, na wakija watu ampe ziwa. Meno ya chini yakishatoka, alisema, nani atajua yapi yalitangulia? Mimi niliambiwa nisimchekeshe mbele ya wageni. Ilikuwa majira ya baridi na ukungu, kwa hiyo kwa majuma matatu hakuna aliyeshangaa kuona mtoto amefunikwa hivyo.

Siku moja shangazi, dada yake baba, alikuja kutusaidia kupukuchua mahindi. Mama alikuwa ameteremka mtoni, mtoto mgongoni. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeng'oa jino la pili, nikalitupa juu ya paa na kuomba jipya, na pengo langu lilinifurahisha sana. Shangazi akanitania kwamba mimi napunguza tu meno. Mdogo wangu je, ameshapata mangapi?

“Mawili,” nikasema. “Ya juu.”

Nilijua nimekosa hata kabla sijafunga mdomo. Shangazi aliuliza polepole kama bibi anajua. Niliendelea kupukuchua. Akafunga khanga yake kiunoni akaondoka, mahindi yakiwa nusu.

Siku ya tatu akaja mdogo wake marehemu babu, pamoja na ndugu wawili. Walikaa uani, bibi akawapa ulanzi, pombe ya mianzi, kama desturi ilivyotaka. Yule mzee alieleza bila ukali kwamba hakuna anayetaka mtoto adhurike. Wapo watu ng'ambo ya mto wanaojua kuwalea watoto wa namna hiyo. Apelekwe huko, nyumba ipone. Mama alikuwa amepiga magoti karibu na mlango wa jiko, na mkwe hakuwa na ruhusa ya kujibu. Nilimwona akivuta kitenge kumfunika mtoto mgongoni.

Bibi akaja akasimama katikati yao. Katika maisha yangu sikuwahi kumwona akisimama mbele ya wanaume walioketi.

“Wa kwangu mlimchukua akiwa na meno mawili hivihivi,” alisema. “Mkaniambia nyumba itapona. Nikanyamaza. Baada yake nimezika wanne.”

“Shemeji, hayo yalikwisha,” yule mzee akasema.

“Kwenu yalikwisha. Huyu hatoki.”

Walimaliza ulanzi wao. Wakati wa kuondoka, mzee alisema tukifiwa tusiwaite. Kesho yake bibi akatufungia viazi vya kuchemsha, akatusindikiza hadi kwenye gari la abiria, twende kwa baba. Mama alimsihi aje nasi. Alikataa, akasema yeye akiondoka, watasema amekimbia.

Iyunga baba alisikiliza yote, akanawa mikono, akapitisha kidole kwenye ufizi wa mtoto. Ya chini yalikuwa yameanza kuchomoza. Alimwambia mama jambo hilo lisisikike kwa majirani. Lakini mwaka uliofuata niliugua surua hadi nikashindwa kuinua kichwa, na mara kwa mara nilimwona baba akigeuka kutoka kitandani kwangu na kumtazama mdogo wangu aliyekuwa akicheza sakafuni. Nilipona. Sikumwambia baba kwamba nilimwona. Na mama hakuniuliza hata siku moja nani aliyetoboa siri, ingawa nadhani alijua.

Bibi alifariki mdogo wangu akiwa darasa la kwanza. Tulirudi Kilolo msibani. Watu walikuwa wengi na walitupisha njia, wengine kwa heshima, wengine kwa hofu. Mdogo wangu alikuwa ametoka kung'oka meno mawili ya mbele, ya chini. Shangazi, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka pamoja na wafiwa, alimwita, akamwomba afungue mdomo. Mama aliinuka. Shangazi akatazama kwa muda mrefu, akamketisha ubavuni pake na kumfunika khanga aliyojitanda.

Jioni, tukiosha masufuria na shangazi, nilijikaza nikamuuliza yule mtoto wa bibi alipelekwa wapi.

“Alikuwa dada yangu,” shangazi akasema. “Mimi nilikuwa na umri kama ule uliokuwa nao wewe siku ile ya mahindi. Niliwauliza, wakaniambia ng'ambo ya mto. Nyinyi mlipoondoka, nikaenda kumtafuta. Hakuna mtu kule aliyewahi kupokea mtoto.”

Akainamia sufuria, akaendelea kusugua.