Mdachi Juu ya Dungu

Harufu ya tope na mpunga unaoanza kuiva ikinipita puani, hata leo koo langu hujiandaa kupiga yowe. Zamani za Wadachi, Wajerumani wale waliotutawala, bonde la chini ya Kilakala lilikuwa kinamasi chenye ndege wengi hata jua lilichelewa kuchomoza likisubiri wapite. Pembeni palikuwa na shamba la mama, chakula chetu cha mwaka mzima. Mimi, binti wa miaka minane, kazi yangu ilikuwa kuamia: kukaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti, tangu alfajiri, nikiwafukuza kweleakwelea, vile vindege vinavyomaliza nafaka, kwa kombeo na makelele. Nilikuwa na sauti, jamani! Nikiita bondeni, kuku wa Mgeta, mbali kule milimani, waliingia bandani.

Msimu ule akaja Mdachi mmoja mwenye ndevu nyekundu, darubini na daftari. Alitaka kuchora korongo wa ng'ambo ya maji, nao kila nikipiga yowe waliruka. "Kelele hapana!" akafoka, akinionyesha kiboko. Nikanyamaza. Kwa siku mbili kweleakwelea wakala kama waalikwa wa harusi.

"Mama, si tumwambie aende zake?"

"Mwambie wewe, kama una mgongo wa akiba."

Siku ya tatu mama akamwendea mwenyewe. "Shikamoo, bwana. Hapo chini matete yanakuziba. Panda dunguni, utaona mpaka ng'ambo." Nikadhani amerukwa na akili, kumpa mgeni kiti changu! Akapanda, dungu likalia kwa uchungu. Mara mbu wa bondeni, wakubwa kama shomoro, wakamvamia. Akapunga kofia nyeupe, akapunga daftari, akajipiga makofi. Kweleakwelea wakaja wingu zima, wakaona kitu cheupe chenye moto kidevuni, wakageuka hewani. Korongo ng'ambo wametulia tuli, naye anachora huku akitabasamu.

"Karibu tena kesho, bwana," mama akasema, uso mkavu. Akaja kila siku mpaka tukavuna.

Mimi kuandika nimejifunza ukubwani, kwenye masomo ya usiku. Basi juzi nikapanda dungu la mjukuu wangu na daftari langu, nichore ndege kimya kimya kama yule bwana. Wakaja, wakala mpunga mbele ya miwani yangu bila hata kunisalimu. "Bibi, wanatumaliza!" mjukuu akalia. Nikatupa daftari, nikapiga yowe milima yote ya Uluguru ikaitikia, na hapakuwa na mtu wa kuninyamazisha.