Citerne yetu ilirithi jina la gari la zimamoto lililokufa

Wakuu, salamu kutoka Kolwezi. Mtanivumilia Kiswahili changu cha huku. Mkitaka kuamini mtaamini, ila mi nilikuwa ndani ya hilo gari, sikusimuliwa.

Nafanya kazi zimamoto kwenye mgodi mmoja, sitautaja. Nimechoka, jamani. Na sio uchovu wa kuisha kwa kulala.

Kwanza muelewe majina.

Magari yetu yanaitwa kwa herufi za Kifaransa zilizopakwa mlangoni. FPT ndiyo hutoka kwanza: ina maji kiasi, mipira ya kumwagia, na pampu yake tumboni. CCGC ni citerne, yaani gari la tangi kubwa, maji mengi tu, pampu haina. Kwa hiyo citerne ikitoka, lazima tufunge nyuma yake motopompe, ile pampu ya kuvutwa. FPT haifungiwi kitu.

Herufi zinamwambia mtu wa radio atume nini, na zinatuambia sisi tubebe nini. Namba inayofuata ni ya kutofautisha ndugu wa aina moja tu.

Sasa FPT 2 ikafa injini njia ya Fungurume. Wengi wetu tulijifunzia kazi humo. Chef, yaani mkuu wetu wa kikosi, tata (baba) Mukendi, mtu wa Kasai, alikaa kama amefiwa.

Kwao marehemu haondoki na jina lake. Akizaliwa mtoto, anapewa. Basi ilipoletwa citerne mpya, tata Mukendi akamwita fundi wa rangi, akaandikisha mlangoni: FPT 2.

Tulipiga makofi, soda zikanywewa. Hakuna aliyeona ubaya, maana sote tulijua ile ni citerne.

Sote, isipokuwa mwenzetu wa radio aliyehamia baadaye.

Mchana mmoja wa kiangazi, upepo na vumbi tupu, ikaingia simu: nyumba inaungua Musonoi. FPT 1 ilikuwa Nzilo kwenye mazoezi. Mwenzetu akatazama ubao, akaona FPT 2 ipo, akaituma. Alifuata sheria, simlaumu.

Na sisi kusikia FPT, miguu ikafanya ilivyozoea. Tukarukia gari, tukaondoka. Motopompe ikabaki hangar, kwenye banda la magari.

Nilikumbuka tukiwa tumeshafika.

Nyumba ilikuwa ya mama Ngalula, jirani yangu, mjane, mshonaji. Wajukuu wake walikuwa nje wote, Mungu asifiwe. Ndani kulikuwa na cherehani na vitambaa vya wateja, yaani chakula cha wale watoto.

Tukafungua maji. Yakamwagika nyuma ya gari, chini, kama bomba la uani. Majirani wakaleta ndoo na mabeseni, tukapokezana mpaka mikono ikafa ganzi. Nyumba za pembeni zilipona. Yake haikupona.

Mama Ngalula alisimama karibu yangu, miguu ndani ya matope, akaniuliza sababu, polepole:

"Tata, mayi minaona. Iko mingi. Sasa juu ya nini nyumba yangu inaungua?"

Nikapokea ndoo nyingine, nikaenda kuimwaga.

Kesho yake tata Mukendi alichukua kitambaa na petroli, akafuta zile herufi. Tulitaka kumsaidia, akakataa. Alisema tu:

"Mutoto anachukua jina ya mwenye kufwa. Nguvu yake, hapana."

Siku hizi mama Ngalula anashona kwa mkono, barazani kwangu. Kila gari jekundu likipita anaacha sindano, ananiuliza kama lile lina pampu.

Somo langu ni dogo. Kabla hujakipa kitu jina la kazi, fungua uone kama kinaiweza hiyo kazi. Nimelisema hili kazini, wanasema nimeanza uzee. Sawa.

Huko kwenu magari ya moto mnayaitaje? Kuna aliyewahi kufungua akaangalia ndani? Shusheni comment, hata za kunisuta nitazisoma.

Ila sio sasa hivi. Kuna gari linapita, na naona sindano imeshasimama.