Mashine Iliyovikwa Kitambaa

Afisa wa afya alikuwa bado kwenye ngazi, viatu vyake tunavisikia vikishuka, Madam mwenye saluni alipochomoa waya wa mashine ya kuvuta nywele, akauzungusha vizuri mkononi, akaifunika tena kwa kitambaa chake cha kufuma. Kitambaa cheupe chenye maua pembeni. Alikipapasa mpaka kikakaa sawa. Kisha akanigeukia.

"Mama Baby, chukua ufagio. Wateja wanangoja."

Binti yangu alikuwa kwenye katoni yake kando ya sinki, anakohoa. Nilipoinama kumwinua niliona kitu kinaning'inia kwenye mdomo wake. Uzi wa rasta, zile nywele za plastiki za kusukia, rangi ya maruni. Nikauvuta. Ukaendelea kutoka, mrefu, umelowa mate, naye macho yamemtoka, pumzi imekwama. Ulipotoka wote ndipo akapata sauti ya kulia.

Ufagio sikuuchukua. Nilimfunga mtoto mgongoni kwa leso, nikaenda kwenye mashine, nikakivuta kile kitambaa nikakitupa kwenye sinki lenye maji ya dawa. Nikachomeka waya. Mashine ikanguruma. Nikaanza kusukuma nywele kwa mguu kuelekea mdomo wake, za mteja wa asubuhi, za jana, zile zilizokuwa zimejificha chini ya viti tangu sijui lini, na mashine ikawa inameza. Inameza tu. Mteja aliyekuwa chini ya draya akatoa kichwa nje kama kobe.

"Wewe! Wewe!" Madam akapiga kelele. "Unaharibu mali ya wenyewe!"

"Nafagia, Madam. Si umesema nifagie?"

"Zima!"

"Nikimaliza."

Sikumaliza. Alichomoa waya kwa nguvu mpaka soketi ikatoka ukutani. Akanionyesha mlango kwa kidole. Mwenzangu wa kiti cha pili, mama mmoja Mmbeere mkubwa kwangu kwa miaka mingi, aliangalia chini akaendelea kusuka. Simlaumu. Ana watoto wanne.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Lakini hasira yangu haikuanza Jumanne, na sitaki mtu aseme nilirukwa na akili kwa sababu ya uzi mmoja.

Mimi ni mtu wa Kanyakine. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja si mabaya wala si ya kunipeleka mahali. Nikaenda Meru kujifunza nywele kwenye kibanda cha mabati pale sokoni Gakoromone, mahali ambapo mteja anasukwa huku akinunua vitunguu bila kuinuka. Pale nywele hazikuwa shida. Unafagia nje, upepo unabeba, zinaenda kukaa kwenye kabichi za mtu na yeye anatukana, mnacheka, siku inaisha. Nilipata mtoto nikiwa hapo. Baba yake nitampa sentensi hii moja tu, na imekwisha.

Mtoto alipofika miezi mitano nikapata kazi Embu. Saluni nzuri, ghorofa ya kwanza, vioo ukuta mzima, viti vinne. Madirisha yalikuwa mawili na yote hayafunguki, yalipigwa misumari kwa sababu ya wezi. Madam alinikubalia nije na mtoto. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, na wengi walikuwa wamenikatalia. Alisema, "Mtoto ni baraka, mami. Mradi asilie wateja wakiwepo."

Mashine ilikuja mwezi wangu wa pili. Dada yake Madam anaishi ng'ambo, ndiye aliyeituma. Ilipandishwa ngazi na wanaume wawili wakihema. Ni kama kabati dogo lenye magurudumu manne, unalisukuma kutoka kiti hadi kiti. Juu kuna droo za vitana na pini, pembeni kuna vishikio vya kutundikia blowdrai, na chini kabisa, karibu na sakafu, kuna mdomo mpana. Unasogeza nywele pale, unabonyeza kwa mguu, mashine inazivuta hadi kwenye mfuko ulio ndani yake. Hakuna vumbi. Hakuna kuinama. Dada mtu alitupigia simu ya video akatuonyesha jinsi ya kuitumia, na sisi wasusi tulipiga makofi. Mimi nilipiga zaidi ya wote. Niliangalia mtoto wangu sakafuni nikasema, Mungu umeniona.

Jumapili ikaombewa. Kina mama wa kanisa la Madam walijaa pale, mchungaji akaweka mkono juu ya droo akaomba isishikwe na uharibifu wala macho ya wivu. Chai ikanywewa. Jumatatu nilipofika, mashine ilikuwa kwenye kona, imevaa kitambaa.

"Tuanze na kiti kipi, Madam?" nikauliza.

"Kuanza nini?"

"Mashine."

Aliniangalia kama nimeomba kulalia kitanda chake. "Hiyo si ya kila siku."

Nilifikiri ni mzaha. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Hata karatasi za plastiki za kiwandani hazikubanduliwa kwenye droo. Kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuipangusa vumbi. Fikiria hilo. Mashine ya kuvuta vumbi, na mimi naipangusa vumbi kwa kitambaa kilicholowa.

Mwenzangu Mmbeere aliigeuza kichekesho. "Usiiguse hiyo, ni bibi harusi," ananiambia. "Hujaona shela?" Siku nyingine: "Imeokoka kuliko sisi wote hapa. Haishiki uchafu." Tulikuwa tunacheka mpaka machozi. Nilikuwa bado naweza kucheka.

Siku moja Madam alinituma nyumbani kwake Manyatta nikamchukulie simu aliyoisahau. Binti yake alinifungulia. Sebule nzima ilikuwa na vitambaa, kwenye viti, kwenye redio, kwenye televisheni, hata juu ya jagi. Kwenye kabati la vioo kulikuwa na vikombe vya udongo mzuri, vimepangwa, vibandiko vya bei bado viko chini yake. Nikapewa chai kwa kikombe cha plastiki kilichopasuka mdomo, na binti mwenyewe akanywea kingine kama hicho. Nikamuuliza vile vya kabatini vinatumiwa lini. Akasema, "Wageni wakija." Wageni gani? Hakujua. Hawajakuja tangu azaliwe, nadhani.

Na hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu kwangu, kwa sababu kwetu Kanyakine ni vilevile. Mama yangu ana thamosi yenye picha ya maua, alipewa siku ya harusi yake. Sijawahi kunywa chai iliyotoka ndani yake. Sisi tulikunywa kutoka sufuria, na thamosi ikakaa juu ya kabati ikituangalia. Ningekuwa sijalelewa hivyo ningekosana na Madam mwezi wa kwanza. Lakini nilimwelewa, na kumwelewa kulinichelewesha miezi saba. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mtoto alianza kukohoa alipoanza kutambaa. Kifua kilikuwa kinaingia ndani anapovuta pumzi, unaona mbavu. Nikampeleka hospitali. Wakamwekea barakoa ya mvuke, mimi nimemshika, anapigana na mikono yangu. Daktari alikuwa msichana, labda tunalingana umri. Akauliza, "Unaishi na kuku? Unapika kwa kuni?" Nikasema hapana. Akauliza mtoto anashinda wapi. Nikamwambia.

Alimwangalia mtoto. "Sakafuni?"

"Kwenye katoni. Lakini anatoka."

"Mama, vumbi la nywele na moshi wa dawa za saluni vinamuumiza. Mtoe pale, ama hayo mavumbi yatolewe. Ukichelewa tutakuwa tunaonana hapa kila wiki." Akaandika kwenye kadi.

Nilijaribu kumtoa. Jirani yangu alikubali kumtunza. Siku ya nne niliporudi mapema nilimkuta amefungwa mguu kwa kamba kwenye mguu wa meza, asitambae hadi kwenye jiko. Jirani hakuona aibu. "Ningefanyaje, na mimi nafua?" Nikamfungua. Alama ilikaa siku mbili. Kesho yake tukarudi saluni wawili.

Nikampelekea Madam ile kadi. Aliisoma yote, hadi chini.

"Pole, mami. Tutaomba."

"Siombi maombi, Madam. Naomba mashine. Nitaitumia mwenyewe, nitaisafisha mwenyewe jioni, hutaona hata doa."

"Itachakaa."

"Si imetengenezwa itumike?"

"Sikiliza." Alikaa chini, akaongea nami kwa upole kabisa, na upole huo ulinikasirisha kuliko matusi. "Kitu kizuri ukikitumia kila siku kinakuwa nini? Kinakuwa ufagio. Mteja akiingia aone mashine hiyo inang'aa, anajua hapa ni mahali pa maana. Ikijaa manywele ataona nini?"

"Ataona sakafu safi."

"Wewe bado mtoto," akasema.

Basi nikangoja. Afisa wa afya alipokuja Jumanne hiyo kukagua kwa ajili ya leseni, Madam alijua tangu Ijumaa. Alikuwa amepigiwa simu. Kitambaa kikatolewa, chini ya kiti cha mbele pakafagiliwa, zikaachwa nywele kidogo za maonyesho. Mashine ikawashwa, ikazivuta, afisa akatikisa kichwa akisema, "Sijaona kitu kama hiki mji huu." Akaandika. Mtoto wangu akakohoa mbele yake. Akauliza, "Huyu ana mafua?" Madam akajibu kabla yangu, "Ni baridi ya Embu tu, daktari." Nami nikanyamaza. Ndiyo, nilinyamaza. Yaliyofuata mnayajua.

Siku iliyofuata nilimpeleka mtoto Kanyakine kwa mama yangu. Sikuwa na kazi, na nikipata nyingine ingekuwa saluni, maana sijui kingine. Mama alimpokea. Nikakaa nao wiki mbili. Wiki ya kwanza alikohoa, ya pili akaanza kulala usiku mzima. Anatambaa kwenye majani, anakula udongo, kifua kimetulia. Nilipaswa kufurahi. Nilipomwambia mama naenda Embu kushtaki, aliacha kuchambua maharagwe.

"Kushtaki nani? Aliyekupa kazi?"

"Ndiyo."

"Mtoto si amepona?"

"Amepona kwa sababu hashindi saluni na mimi, mama."

"Na ukijulikana ni mtu wa kushtaki, nani atakuajiri?"

Nikachukua mkoba wangu. Nilipokuwa natoka, mtoto alimshika mama yangu sketi akamwita "mama". Ni neno lake la kwanza. Miezi yote ile saluni hakuwa na pumzi ya kusema kitu.

Kwenye ofisi ya afya nilimkuta afisa yule yule. Alinitambua.

"Mama, mimi mwenyewe niliiona mashine ikifanya kazi."

"Uliiona siku moja. Siku zingine inavaa nguo."

Karani aliyekuwa karibu akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Afisa hakucheka. "Huwa tunawapigia wenye biashara kabla ya kwenda, tusikute wamefunga. Ni utaratibu."

"Basi nataka kulalamikia na utaratibu."

"Malalamiko huandikwa," akasema, nadhani akitegemea nitaondoka. Nikamwomba karani karatasi. Nilikaa kwenye benchi ya ukumbini nikaandika kama tulivyofundishwa shuleni, barua rasmi, anwani juu kulia. Niliandika mara mbili, moja yao moja yangu, nikasimama pale mpaka zote zikapigwa muhuri. Hii ndiyo niliyoandika, isipokuwa majina nimeyatoa.

Kwa Afisa Mkuu wa Afya,

Bwana,

MINTARAFU: MALALAMIKO KUHUSU VUMBI LA NYWELE KATIKA SALUNI

Mimi ni msusi. Nilifanya kazi katika saluni iliyotajwa hapo juu kwa miezi tisa, kiti cha tatu. Nalalamika kwamba saluni hiyo haina dirisha linalofunguka, na kwamba nywele na vumbi hufagiliwa kwa ufagio ndani ya chumba kilichofungwa, wafanyakazi na wateja wakivuta hewa hiyo tangu asubuhi hadi jioni. Ipo mashine ya kuvuta nywele. Haitumiwi. Iliwashwa mbele ya afisa wako siku ya ukaguzi, na ikazimwa kabla hajafika barabarani.

Binti yangu wa mwaka mmoja na miezi miwili ameugua kifua kwa sababu hiyo. Daktari ameandika hivyo. Mtoto sasa anaishi na bibi yake, mbali na mimi, kwa kuwa sina pengine pa kumweka nikiwa kazini.

Nalalamika pia kwamba mwenye saluni aliarifiwa siku nne kabla ya ukaguzi. Nilikuwepo. Nilimsikia akiongea na simu.

Naomba ukaguzi urudiwe bila kupiga simu, siku ya Jumamosi ambapo viti vyote vinne vina watu. Naomba madirisha yafunguliwe. Naomba mashine iliyopo iamriwe kutumika, au leseni isitolewe. Wasusi watatu waliobaki wasiulizwe kuhusu barua hii, hawajui nimeiandika, na mmoja ana watoto wanne.

Siombi kurudishwa kazini. Sijatumwa na mtu.

Nimeambatisha nakala ya kadi ya hospitali. Kadi yenyewe siiachi, mtoto ana kliniki tarehe iliyoandikwa hapo.

Wako mwaminifu,

Mama wa mtoto.