Shokapu Nilizonunua Mimi

Naitwa Kokuhirwa. Nilizaliwa Ngenge, wilaya ya Muleba, nikaolewa Nshambya, Bukoba mjini. Shule sikupelekwa. Kaka zangu walipelekwa, mimi nikabaki kubeba mdogo wetu mgongoni na kufukuza ndege kwenye mpunga. Karatasi zote zilizopita katika maisha yangu zilisomwa na watu wengine, wakaniambia walichotaka kuniambia.

Lakini biashara niliijua. Kwa miaka tisa nilikwenda Ngenge kila wiki kununua mpunga kwa wakulima, gunia moja hapa, nusu gunia pale, nikauleta Bukoba kwa magari ya watu. Nililala juu ya magunia, nikanyeshewa, nikatukanwa na makondakta. Mwisho tukanunua pikapu kuukuu. Nasema tukanunua kwa mazoea tu, nilinunua mimi. Kyaruzi mume wangu alikuwa na leseni, na ndiye aliyekwenda kuandikisha, kwa hiyo kadi ilitoka na jina lake. Sikuuliza. Mke gani wa hapa kwetu angeuliza?

Tulifanya kazi pamoja vizuri, siwezi kusema uongo. Yeye aliendesha, mimi nilinunua na kuuza. Gari likiharibika alilitengeneza mwenyewe hapa uani, chini ya ukuta wa jiko, na mimi nilikaa karibu kumpa spana. Nilizijua spana kwa namba kabla sijajua namba za simu. Binti yetu Nancy alipoolewa Mwanza, pikapu hiyo ndiyo iliyobeba vitu vyake.

Mwaka jana Kyaruzi alihamia Kashai, kwa mwanamke anayeitwa Jovita, mwenye duka la vipodozi. Hakuniaga. Alichukua nguo siku mojamoja, shati leo, viatu kesho, mpaka nikafungua kabati nikaona mbao. Gari hakulichukua kwa sababu lilikuwa gonjwa. Barabara ya Ngenge ilikuwa imeua shokapu za nyuma. Zilivuja mafuta, na gari likipita kwenye shimo dogo tu lilirukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa asubuhi. Mara ya mwisho lilimwaga magunia mawili njiani. Kyaruzi aliliegesha uani akasema halifai, na likakaa pale miezi mitatu, kuku wakitaga chini yake.

Mimi nikalitazama nikafikiri: yeye amelitupa. Nikilitengeneza litakuwa langu. Kuna kijana wa jirani, Ismail, mwenye leseni, tulishakubaliana kwamba gari likipona atakuwa ananiendesha kwenda Ngenge. Nisingemwomba Kyaruzi chumvi tena. Hilo ndilo nililolitaka, na sikutaka kingine.

Nikaenda kwa Alpesh, ambaye baba yake na babu yake waliuza vipuri pale pale anapouza yeye. Aliijua pikapu yetu, hakuhitaji kuuliza ni ya aina gani. Alinipa shokapu mbili mpya, kila moja imebanwa ikawa fupi kwa mkanda, na bushi zake za mpira.

"Mama, mkanda usikate mpaka umeshaifikisha chini ya gari," aliniambia. "Ukikata mapema inafunguka yenyewe, utapigana nayo."

Nikasema nimesikia.

Nilianza Alhamisi asubuhi, peke yangu, maana Ismail alijua kuendesha tu. Nikaweka mawe mbele ya tairi za mbele, nikapandisha nyuma kwa jeki, nikaingiza magogo chini ya fremu kama nilivyomwona Kyaruzi akifanya. Nati nilikuwa nimezilowesha dizeli tangu jana yake. Za chini zilifunguka. Ya juu ya kulia ilifunguka pia, baada ya kuning'inia kwenye spana kwa uzito wangu wote. Nikaitoa shokapu ya zamani, nikaisukuma kwa mkono, ikaingia na kubaki humo humo kama mtu asiye na pumzi.

Hapo nikakosea. Nilikaa uani na ile mpya mapajani, nikaona mkanda unaning'inia, nikaukata nje ili nisihangaike na kisu chini ya gari. Shokapu ikajinyoosha mbele ya macho yangu. Nikaibana kwa goti, nikaingia nayo chini, kabla sijaifikisha kwenye tundu ikanyooka tena. Nilifanya hivyo mpaka adhuhuri. Nati ya juu ya kushoto nayo haikutikisika kabisa, ilikuwa imekuwa kitu kimoja na chuma. Spana iliteleza ikanichana kiganja. Nikabaki nimelala pale chini, mchanga mdomoni, natazama tumbo la gari, na sikuwa na mtu wa kumwita.

Nikaona miguu. Viatu nilivijua, nilivinunua mimi.

Alikuwa Kyaruzi, pamoja na baba yake mdogo, Ta Rugaibula, kama tunavyowaita wazee kwa heshima, mkubwa wa ukoo wao. Baadaye nilijua kwamba Alpesh alikutana na Kyaruzi sokoni akamwambia kwa wema kabisa, mama amechukua shokapu zako, sasa gari litatembea. Siku ile sikujua. Niliona tu mume wangu amekuja nikiwa nimeshindwa.

Ta Rugaibula alisema wamekuja kunisalimia. Nikamtolea kigoda kivulini na buni za kutafuna. Kyaruzi alivua shati akalitundika kwenye kioo cha pembeni, mahali pake pa siku zote, akachukua ile shokapu iliyonyooka.

"Nani amekata mkanda huu? Panya?"

Nikacheka. Miezi mitatu nilikuwa sijacheka na mtu.

Alileta bomba la chuma, akalichomeka kwenye mkono wa spana, na ile nati ya kushoto ikalia mara moja ikalegea. Shokapu aliibana kwa kifua, akaingia nayo chini, akaniambia nisukume bolti atakapopiga kelele. Alipiga kelele, nikasukuma, ikaingia. Ya pili ilichukua muda mfupi sana. Kiganja changu alikiona kinatoka damu, akachana kitambaa cha kufutia mikono, upande ulio safi, akakifunga. Nasema hivi kwa aibu, lakini nilifurahi. Niliwaza labda huko Kashai wamegombana. Nikamuuliza taratibu, "Baba Nancy, utakula hapa?"

"Tumalize kwanza," alisema.

Akalishusha gari chini. Nati zilikuwa hazijakazwa sana bado. Ni lazima gari likae kwa uzito wake ndipo zikazwe, la sivyo bushi zinajipinda na kukatika. Magunia hayakuwapo, kwa hiyo akaniambia nipande nyuma nikae.

"Umenenepa kidogo, Mama Nancy. Leo hilo ndilo tunalolitaka."

Ta Rugaibula alicheka mpaka buni ikamtoka mdomoni. Nilikaa pale juu, miguu nimenyoosha, na Kyaruzi chini yangu anakaza nati moja moja. Kisha akaniambia nishuke, akaomba ufunguo ili alijaribu gari kwenye lami. Nilikwenda ndani nikautoa mwenyewe. Nilimpa mkononi.

Gari lilitoka uani bila kuruka. Nikanawa mikono, nikawasha moto, nikaanza kumenya ndizi.

Ta Rugaibula hakuondoka kwenye kigoda. Alinitazama nikimenya ndizi ya tatu, ya nne. Kisha akasema, "Usimpikie."

Nikamuuliza kwa nini.

"Harudi leo. Na gari halirudi. Mimi nimekuja ili mambo yaishe vizuri, bila makelele."

Nilimwambia gari ni langu, mpunga wa miaka tisa ndio uliolinunua, na hata shokapu zile nimezinunua juzi. Hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika.

"Mkamwana, siku gari hili linaingia hapa, ukoo ulikaa ukanywa pombe ya rubisi ili tuwe mashahidi. Kibuyu kiliwekwa mbele yangu na mkono wa nani?"

"Wa Kyaruzi, Ta. Lakini ndizi za rubisi nilipalilia mimi, mtama wake nilikaanga mimi. Ningewezaje kuleta kibuyu mbele ya wanaume?"

"Sikuulizi nani alikaanga. Chakula chote cha nyumba hii unapika wewe. Nakuuliza nani alileta. Aliyeleta ndiye tuliyemshuhudia."

 Siku ya rubisi hiyo nilikuwa nimesimama mlangoni pa jiko nikimsukuma Kyaruzi mgongoni, nenda wewe, wazee wanasubiri. Niliona ni heshima. Nilimpa kibuyu kwa mikono miwili.

Ta Rugaibula alimaliza buni zake, akanishukuru kwa makaribisho, akaenda zake kwa miguu.

Nilikwenda ofisi ya kata. Waliuliza kadi ina jina la nani, na mashahidi wangu ni akina nani. Wakanishauri nirudi kwenye ukoo tuelewane. Mchungaji aliniombea. Nancy alilia kwenye simu, kisha akaniambia, mama, baba hatanisikiliza mimi. Ismail amepata pikipiki, anabeba abiria Kashai. Anaponiona hugeuza uso, kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea.

Nimerudi kununua mpunga, kwa sababu sijui kazi nyingine. Mwezi uliopita nilikuwa Ngenge na magunia sita. Mvua ilikuwa imekata barabara katikati, magari ya watu hayakushuka. Siku mbili nililala kwa shangazi nikisubiri. Siku ya tatu wakulima wakaniambia kuna gari moja tu linaloweza kupita, limekuja tangu asubuhi, linakusanya mizigo. Nilijua ni lipi kabla sijaliona. Kyaruzi aliteremsha kioo akaniuliza magunia ni mangapi. Nikamwambia sita. Mbele alikuwa amekaa Jovita, kwa hiyo nilipanda nyuma, nikakaa juu ya magunia yangu, nikashika ukingo. Tulipita mashimo yote yale, na sikurushwa hata mara moja.