Kuku Aliyetotoa Kwenye Kochi la Mwenye Nyumba

Haya, sogeeni hapa, na wewe wa nyuma acha kwanza huo muwa, niwaambie nilivyotaka kunyang'anywa kuku wa ukweni.

Nilipanga chumba Nyegezi, kile cha kukuta vyombo ndani. Kitanda kilikuwa kinapiga kelele hata ukiwaza tu kugeuka. Meza ilisimama kwa tofali. Kochi nalo, ukikaa linakumeza mpaka watu waje wakuvute kwa kamba. Mwenye nyumba, mzee ambaye kitambi chake kilikuwa kinafika kwanza, yeye baadaye, alinipa ufunguo na sheria moja: kilichomo ndani ni cha nyumba. Nikaitikia. Nani angeiba lile tofali?

Sasa mama yangu kule Sengerema akanipa tetea mwekundu, nimpeleke Kisesa kwa wazazi wa mchumba wangu. Kule ukienda mikono mitupu, hata mbwa hakubwekei, anakudharau. Kuku kufika chumbani kwangu, kaingia kwenye shimo la kochi, kataga, kalalia. Ukisogeza mkono anakushona kama cherehani. Mimi nikahamia sakafuni, yeye akawa bibi wa kochi. Alipototoa vifaranga, walikuwa wengi mpaka kochi likawa linatembea lenyewe.

Nikafurahi kweli. Nitaingia ukweni na ukoo mzima!

Siku ya kuhama nikawatia wote kwenye tenga. Mzee akasimama mlangoni, mlango ukajaa. Akasema vifaranga ni wake, maana sponji la kochi lake ndilo lililowapa joto. Nikamwambia sawa, basi nimchukue mama yao. Akafikiri kidogo, akasema hata huyo mama alikuja mkavu kama kuni, amenenepa kwa mende, na mende ni wa nyumba.

Majirani wakaanza kujaa uani. Mke wa mzee alikuwa pale barazani anachambua dagaa.

Nikajishusha. "Shikamoo baba. Wakwe wananisubiri Kisesa. Nikienda mtupu, mke sina."

"Marahaba. Wakwe zako hawakupanga kwangu. Kilichoingia humu ndani ni cha mwenye nyumba, hata kama kiliingia kwa miguu yake."

Akalishika tenga. Mimi nikashika upande wa pili. Tukavutana, kuku anapiga makelele, mimi namuona mchumba wangu anaolewa na mwenye pikipiki.

Hapo mkewe akaweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Baba watoto, sheria yako nimeipenda. Nyumba hii alijenga baba yangu, na wewe uliingia humu na suruali tu. Haya, ivue."