Mlango wa Karakana ya Domitila

Domitila wa Mkotokuyana hakuwa mtu wa kusukumwa. Mumewe Amedeus, fundi seremala, alipofariki, watu walikuja kutaka randa na misumeno yake. Aliwafukuza wote. Vyombo vikabaki ukutani, na yeye akawa anavipaka mafuta kila Jumapili akitoka kanisani.

Basi Pasaka ya mwaka huu binti yake Letisia, anayefanya kazi Ruangwa, akamletea simu ya kupangusa yenye mchezo ndani. Mna mji mdogo humo, na kila mchezaji anajenga karakana yake: anaanza na kibanda, anatafuta magogo, anatengeneza viti, na vijitu vya mjini vinakuja kununua. Hakuna haraka, hakuna wa kukushinda. Letisia naye alijenga duka mtaa wa pili humo humo, akawa kijitu chenye gauni la njano.

"Sasa Mama, kila siku tutaonana mjini."

Domitila alibetua midomo. "Mti umekatwa asubuhi, mchana kiti! Mninga mbichi huo, utapinda wote. Baba yako angelia."

Lakini Letisia alipoondoka, Domitila aliingia mchezoni. Akaezeka upya, akaongeza benchi, akapanga randa ukutani vile vile alivyopanga marehemu. Gauni la njano likija, linasimama mbele ya benchi, linapunga mkono. Domitila naye anapunga, mkono wake huu wa nyama, peke yake sebuleni.

Ukavunwa ufuta, zikaja korosho, Letisia hakutia mguu nyumbani. Na Ruangwa si Ulaya. Ukipanda gari asubuhi, mchana uko kwa mama yako. Domitila akampigia.

"Utakuja lini, mwanangu?"

"Mama nawe! Si tumeonana jana mjini?"

Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akaazimia kumtia adabu. Kwao, mlango usipofunguliwa mpaka jua likapanda, jirani hangoji kuitwa. Anakuja kupiga hodi, ajue mwenyewe anaumwa au amekufa. Basi Domitila akaifunga karakana yake ya kwenye simu, mbao za mlangoni zote zikashuka. Letisia akiona, lazima ashtuke. Lazima apande gari.

Siku ya kwanza gauni la njano lilipita. Siku ya pili likapita. Siku ya tatu Domitila alipoamka tu akaikamata simu, akakaa kitandani anaukodolea mlango ule. Jua likapanda, kuku wakalia bandani, hana habari nao.

Mara gauni la njano likaja, limebeba magogo. Likayabwaga mlangoni, likazipungia mkono mbao zilizofungwa, likaenda zake.

Domitila akaitafuta hodi katika mchezo ule. Alibonyeza kila picha. Haimo. Waliojenga mji ule waliweka mpaka paka na maua, hodi wakaisahau.

"Hodi!"

Moyo ukamruka.

"Hodi humo ndani! Mama Letisia! Umekufa au umeolewa?"

Ni Zena, jirani ambaye hawajasemezana naye tangu mbuzi wake walipokula muhogo wa Domitila. Domitila alijifuta macho kwa khanga kwanza, ndipo akafungua komeo.

"Nimelala tu. Mtu halali kwake?"

"Mpaka saa tano? Kuku wako wamelia mpaka mbuzi wangu wanawajibu."

"Hao mbuzi wako wakae mbali na muhogo wangu."

"Haya, kumbe mzima wewe," Zena akasema, akaketi kizingitini bila kukaribishwa.

Domitila akaenda kuwafungulia kuku. Simu aliiacha kitandani, karakana bado imefungwa, magogo mlangoni.

"Na Letisia, hajambo huko Ruangwa?"

"Hajambo," Domitila alijibu akiwa amempa mgongo. "Tunaonana kila siku."

Zena hakuuliza wanaonana wapi. Aliuvuta ungo wa mtama uliokuwa pale mlangoni, akaanza kupepeta.