Rudini, Si Vita, Ni Mimi

Naandika polepole, na hili nimelichelewesha zaidi kwa sababu linanitia haya hadi leo.

Wakati wa vita nilifanya kazi katika kiwanda cha mawese hapa Rumonge, kando ya ziwa. Kulikuwa na mkanda mrefu wa ndoo unaopandisha mbegu hadi juu, na kazi yangu ilikuwa kuuwekea sikio na kiganja, ukipata joto au ukilegea nampigia kelele shefu, mkuu wa kiwanda, auzime kabla haujashika moto (kwa mtu mwenye haya kama mimi, hiyo ndiyo ilikuwa nafasi pekee ya kusikilizwa).

Kisha yakaletwa macho ya chuma kutoka Bujumbura, yanafungwa karibu na mhimili kuhesabu mizunguko, na shefu akamkabidhi Feruzi, kijana wa mjini aliyefika sekondari, kijumba chenye taa inayowaka mkanda ukisimama, na kiti (kiti, ndugu zangu, na mimi miaka yote nimesimama). Akina mama wanaochambua mbegu wakamwita injenieri. Mimi wakaniuliza, "Na weye sasa utalinda nini?" Wivu ukanishika, nikaanza kula ugali wangu peke yangu.

Asubuhi moja nikalegeza nati, nikalisogeza jicho mbali kidogo, lidhani mkanda umesimama. Nilitaka taa tu iwake bure, Feruzi ahangaike, shefu aseme afadhali sikio langu. Sikujua (ningejuaje, nilikuwa nimenuna, sisemi na mtu) kwamba juma lile walikuwa wamefunga king'ora juu ya paa, kinacholia pamoja na ile taa, na shefu alikuwa bado hajawatangazia watu.

Kikalia. Miezi ile mlio wa namna hiyo ulikuwa na maana moja tu: tunashambuliwa. Soko likamwagika, watu wakakimbilia ziwani na magodoro kichwani, na mitumbwi ikajaa ikasukumwa majini.

Shefu akaiona nati. "Nani aligusa hii kitu?"

Feruzi akainama. "Pengine ni miye, shefu, sikukaza muzuri."

Ningenyamaza angefukuzwa, na nakiri nilishajiona nimekaa pale kwenye kijumba. Kisha nikamwona anamrudishia shefu ufunguo wa kijumba.

"Ni miye," nikasema.

Shefu hakunipiga. "Basi enda uwarudishe. Kwa sauti."

Nikapita ukingoni nikisema, "Rudini, si vita, ni mimi nililegeza nati," lakini sauti yangu haikufika hata mtumbwi wa kwanza, ikabidi Feruzi anifuate nyuma akirudia kila neno langu, na kwa sauti yake wakageuza mitumbwi. "Murakoze, injenieri," wanamshukuru wakishuka, na mimi wananitwika magodoro.

Mtumbwi wa mwisho ulikuwa na mama yangu mzazi, amekumbatia sufuria ya maharage. Alinitazama sana, akafunua sufuria akampakulia Feruzi kwanza.

Kesho yake nilihamishiwa kubeba magunia. Nimeapa sitagusa tena kazi ya mwenzangu, na sijagusa. Lakini yale maharage, hadi leo yananiuma.